Halmashauri na jaribio la kipato cha msingi kwa wote: mwongozo kamili, kuanzia hoja ya diwani hadi malipo ya mwisho

Halmashauri haiwezi kuleta kipato cha msingi kwa wote, yaani fedha ambayo kila mtu hulipwa mara kwa mara bila masharti, kwa nguvu zake yenyewe. Kodi ya mapato iko serikali kuu, mafao ya wasio na kazi yako serikali kuu, na kumbukumbu za nani analipwa nini ziko huko huko. Inachoweza kufanya ni kulisukuma jaribio: kupitisha hoja, kutoa eneo na watumishi, kutafuta fedha na kuwakalisha mezani wenye mamlaka. Sheffield, Uingereza, ilipitisha hoja ya namna hiyo mwaka 2019, na halmashauri nyingine kadhaa nchini humo zikafuata. Nyingi ya hoja hizo ziliishia kwenye barua kwa mawaziri. Mwongozo huu ni wa diwani, mtumishi au mwananchi anayetaka hoja yake ifike kwenye malipo.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Ugumu mkubwa hauko kwenye kutafuta fedha za kugawa, uko kwenye kuhakikisha kwamba aliyepewa mia kwa mkono huu hanyang'anywi themanini kwa mkono ule. Ndiyo maana hapa suala la mafao linakuja kabla ya bajeti, na bajeti kabla ya tangazo lolote.

Kubalianeni mnajaribu nini

Kipato cha msingi kwa wote kina sifa tano: ni fedha taslimu, hulipwa kwa vipindi vya kawaida, hulipwa kwa mtu mmoja mmoja na si kwa kaya, hulipwa kwa wote bila kupima kipato cha mpokeaji, na hakina sharti la kufanya au kutafuta kazi. Karibu kila jaribio huacha angalau sifa moja. Finland, mwaka 2017 na 2018, iliwalipa euro 560 kwa mwezi watu 2,000 wa miaka 25 hadi 58 ambao tayari walikuwa kwenye mafao ya ukosefu wa ajira. Ontario, Kanada, ilipima kipato na kupunguza senti 50 kwa kila dola ambayo mshiriki aliipata kazini. Wales iliwalipa vijana waliokuwa wanatoka kwenye malezi ya serikali wakitimiza miaka 18. Stockton, California, ilichagua wakazi 125 kwa kura ya bahati nasibu na kuwapa dola 500 kila mwezi kwa miezi 24.

Hakuna ubaya katika hilo, ila liandikeni jinsi lilivyo. Mkiandika "kwa wote" kwenye kichwa cha habari halafu wakalipwa watu 125, mpinzani wenu amepata hotuba ya bure. "Jaribio la kipato cha uhakika kwa kundi fulani" ni jina lisilovutia, lakini linastahimili maswali.

Kisha chagueni swali moja kuu. Afya ya akili? Ajira? Madeni? Makazi? Muundo wote unafuata swali hilo. Kama mnataka kujua jinsi fedha zinavyobadilisha biashara na bei za eneo zima, kuwalipa watu waliotawanyika mjini hakutawaambia kitu, lazima eneo zima lilipwe. Ndiyo sababu shirika la GiveDirectly, kwenye utafiti wake wa Siaya na Bomet nchini Kenya, lilipiga kura kwa vijiji badala ya watu. Vijiji vilikuwa 295, na 100 kati yake havikupewa malipo ili viwe vya kulinganishia.

Hoja yenyewe

Someni kanuni za kudumu za baraza kabla ya kuandika sentensi ya kwanza: hoja iwasilishwe siku ngapi kabla ya kikao, iwe na maneno mangapi, inahitaji saini ngapi, na je, hoja yenye gharama lazima ipitie kwanza kamati ya fedha? Hoja nyingi nzuri zimeahirishwa kwa sababu ya swali hili la mwisho tu. Mpelekeeni rasimu mwanasheria wa halmashauri na mweka hazina wiki tatu hivi kabla, wawaambie mapema kinachowasumbua kuliko kukisemea ukumbini.

Utangulizi uwe mfupi. Nguvu zote ziwekwe kwenye maazimio, kwa mfano:

*Baraza linaazimia: (a) kumwagiza mtendaji mkuu aunde kikosi kazi ndani ya siku 30, chenye mtumishi mmoja anayewajibika kwa jina la cheo chake, (b) kikosi kilete andiko la upembuzi yakinifu ndani ya miezi sita, likionyesha athari za malipo kwa kila fao, ruzuku na kodi inayowagusa wakazi, (c) baraza liwaandikie rasmi wizara ya mafao na mamlaka ya kodi kuomba malipo ya jaribio yasihesabiwe, (d) kiasi cha malipo na eneo visitangazwe kabla andiko halijapitishwa na baraza.*

Angalieni kwamba kila azimio lina mtu, muda au katazo. Hoja inayosema "baraza linaunga mkono dhana" itapita kwa makofi na kufa kesho yake.

Wapinzani wataleta marekebisho. Yale ya "bila kupunguza huduma zilizopo" yakubalini haraka, yanawapa kura na hayawagharimu. Yale ya "baada ya serikali kuu kuridhia" yapiganieni yasiingie kwenye (a) na (b), kwa sababu yatazuia hata upembuzi, na bila upembuzi serikali kuu haina cha kuridhia. Mtafuteni mwunga mkono kutoka chama kingine pia. Jaribio linachukua miaka minne hivi tangu hoja hadi ripoti, na katikati ya miaka hiyo pana uchaguzi.

Mafao na kodi: hapa ndipo majaribio yanapofia

Halmashauri nne za Scotland (Glasgow, Edinburgh, Fife na North Ayrshire) zilipewa na serikali ya Scotland pauni 250,000 kufanya upembuzi. Ripoti yao ya mwisho, ya Juni 2020, ilisema jaribio linafaa kufanywa lakini kwa wakati huo halitekelezeki, kwa kuwa mamlaka makuu ya kodi na mafao yako kwenye taasisi za serikali ya Uingereza. Zilikuwa na fedha za kupanga, wataalamu na utashi wa kisiasa. Kilichokosekana ni ruhusa.

Anzeni na jedwali. Kila fao, ruzuku, msamaha na mkopo wa umma anaoweza kuwa nao mshiriki upate mstari wake. Safu ziwe sita: nani anaamua; je, malipo yetu yatahesabiwa kama kipato; je, yakibaki benki yatahesabiwa kama akiba; yanapunguza fao kwa kiwango gani; mtu akikatwa atarudishwa baada ya muda gani; na nani ana uwezo wa kusamehe. Jedwali hili likikamilika vizuri huwa na mistari zaidi ya ishirini, na safu ya tatu ndiyo inayosahaulika.

Mfano wa Universal Credit, fao la Uingereza kwa watu wenye kipato kidogo, unaonyesha kwa nini jina la malipo lina uzito kuliko kiasi. Mshahara hupunguza fao hilo kwa peni 55 kwa kila pauni. Aina nyingine kadhaa za kipato hukatwa pauni kwa pauni. Akiba ikizidi pauni 6,000 fao huanza kupungua, na ikizidi 16,000 haki ya fao hupotea. Fedha ile ile, majina tofauti, matokeo yanayopishana kabisa.

Hesabu ndogo: mshiriki ana fao la 400 kwa mwezi, mnampa 500, na fao linakatwa moja kwa moja. Amebaki na nyongeza ya 100. Lakini fao lile lilikuwa pia ufunguo wa chakula cha mtoto shuleni, dawa na nafuu ya pango. Vikiondoka vyote, mwezi huo amemaliza akiwa na kidogo kuliko kabla hamjamsaidia. Jaribio lenu litapima umaskini mliouleta wenyewe.

Kuna njia nne, na jaribio zuri huzichanganya.

Ya kwanza ni msamaha wa kisheria: wizara inatoa kanuni au waraka kwamba malipo haya hayahesabiwi. Ndiyo njia safi na ndiyo inayochelewa. Ruhusa pia huwa na bei. Miji ya Uholanzi iliyotaka kuwaondolea wapokea mafao masharti ya kutafuta kazi ililazimika, kwa amri ya serikali, kuweka pia kundi linalosimamiwa kwa ukali zaidi. Kabla ya mazungumzo, andikeni masharti ambayo mkiwekewa mtaondoka mezani.

Ya pili ni kuyapa malipo hadhi ya zawadi. Stockton ilitumia fedha za wafadhili badala ya bajeti ya jiji, ikayapanga malipo kama zawadi, ikazungumza na ofisi za mafao moja moja. Mahali ambapo sheria inatofautisha hisani na malipo ya serikali, hatua hii peke yake inaweza kufuta nusu ya jedwali lenu.

Ya tatu ni kiasi kikubwa kinachomeza hasara. Wales ililipa pauni 1,600 kwa mwezi kabla ya kodi, sawa na 1,280 mkononi, kwa miezi 24. Malipo yalikatwa kodi na yalihesabiwa kwenye mafao. Hata hivyo kiasi kilikuwa kikubwa kiasi kwamba vijana wengi walibaki na faida. Njia hii ni ghali, lakini haisubiri ruhusa.

Ya nne ni ile iliyo mikononi mwenu tayari. Zipo nafuu ambazo halmashauri yenyewe huzitungia kanuni. Kwa England, mpango wa nafuu ya kodi ya halmashauri kwa watu wa umri wa kufanya kazi hutungwa na halmashauri, kwa hiyo inaweza kuamua kutoyahesabu malipo ya jaribio bila kumwomba mtu. Inashangaza ni mara ngapi kikosi kazi huandika barua kumi kwenda mji mkuu kabla ya kusoma kanuni zake chenyewe.

Chini ya njia zote wekeni mfuko wa fidia: mshiriki akikatwa fao licha ya mipango, analipwa pengo ndani ya siku tano za kazi, maelezo baadaye. Na kabla hajasaini, kila mmoja akae ana kwa ana na mshauri wa mafao asiyekuwa mwajiriwa wa jaribio, apewe hesabu yake kwa maandishi. Wapo ambao hesabu itawaambia wakatae. Waacheni wakatae.

Idadi ya washiriki

Swali la kwanza la diwani ni "tunaweza kuwalipa wangapi?" Swali sahihi ni "tofauti ya ukubwa gani tunataka kuiona?" Kwa kundi la wapokeaji na kundi la kulinganisha (wasiolipwa) yenye idadi sawa, kwa uwezo wa asilimia 80 (nafasi ya kuiona tofauti iliyopo kweli) na kiwango cha makosa cha asilimia 5 (nafasi ya kuona tofauti isiyokuwepo), mnahitaji takriban watu 64 kila kundi kuona badiliko la nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi watu wanavyotofautiana), 175 kuona badiliko la 0.3, na 393 kuona la 0.2. Mabadiliko ya ajira na afya mara nyingi huwa madogo. Ukiwa na watu 30 utapata simulizi nzuri, lakini takwimu hutakuwa nazo, na ni vizuri kuliandika hilo wazi tangu mwanzo.

Kundi la kulinganisha ni rahisi kulilipia kuliko la wapokeaji, kwa hiyo liongezeni. Stockton ilikuwa na wapokeaji 125 na wa kulinganisha 200. Ongezeni pia asilimia 20 hadi 25 kwa ajili ya watakaohama au kukata mawasiliano, na jueni kwamba wasiolipwa ndio hupotea haraka.

Mkipiga kura kwa mitaa badala ya watu, idadi hupanda sana. Zidisheni kwa 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni watu wanaohojiwa kila mtaa na r ni kiwango cha kufanana kwa watu wa mtaa mmoja. Watu 50 kwa mtaa na r ya 0.05 vinatoa 3.45, maana yake mnahitaji karibu mara tatu na nusu ya watu wa mwanzo. Hapa mara nyingi ndoto ya "mtaa mzima" hukutana na mweka hazina.

Bajeti

Tutumie namba bila jina la sarafu. Wapokeaji 200 kwa 500 kwa miezi 24 ni 2,400,000. Posho ya kujibu dodoso, 25 kila mara kwa watu 450 mara tano, ni 56,250. Mfuko wa fidia, asilimia 4 ya malipo, 96,000. Ada za kutuma fedha, asilimia 1, 24,000. Watumishi wanne kwa miezi 36 kwa 3,000 ni 432,000. Utafiti huru 300,000. Jumla 3,308,250, ongezeni asilimia 5 ya dharura, mnafika karibu 3,474,000. Kwa kila 100 inayomfikia mshiriki, basi, andaeni kama 145.

Watumishi ni wa miezi 36 kwa sababu miezi sita ya maandalizi na sita ya kufunga ni kazi kama zile nyingine. Akiba ya dharura nayo si pambo. Stockton ilipangwa kwa miezi 18, ikarefushwa kwa sita zaidi UVIKO-19 ulipoingia.

Barcelona iliendesha mradi wake wa B-MINCOME, mwaka 2017 hadi 2019, kwa kaya 1,000 za vitongoji kumi vya eneo la Besòs, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya kwa ubunifu wa miji. Maricá, Brazili, inatumia mrabaha wa mafuta na kulipa kwa sarafu yake ya mtaa, mumbuca. Halmashauri isiyo na wafadhili wala mafuta isikope kulipa watu kila mwezi. Sehemu nyingi sheria hairuhusu, na panaporuhusiwa, mnaunda deni litakalolipwa na huduma zile zile mlizoapa kutozigusa.

Kuandikisha

Kura ipigwe hadharani au mbele ya mkaguzi, kutoka kwenye orodha iliyofungwa tarehe inayojulikana. Orodha ya anwani ni bora kuliko fomu ya mtandaoni, kwa kuwa fomu huwaleta wenye simu nzuri na muda. Barua ya mwaliko isifanane na utapeli: nembo ya halmashauri, namba ya simu inayopokelewa na mtu, na sentensi isemayo hakuna ada yoyote. Hata hivyo wengi wataitupa. Pangeni ukumbusho mara mbili na mtu wa kugonga mlango.

Ridhaa za kuomba ni tatu, kila moja na saini yake: kupokea malipo, kuhojiwa na watafiti, na kuunganisha taarifa zake na kumbukumbu za afya au ajira. Anayekubali ya kwanza na kukataa nyingine mbili bado alipwe. Mkimnyima, fedha yenu imepata sharti. Kuzungumza na waandishi wa habari kuwe ridhaa ya nne, ya mbali kabisa na hizo.

Kulipa

Tarehe moja, kila mwezi, bila kukosa. Chagueni siku iliyo mbali na siku ya mafao ya kawaida, ili mwezi wa kaya uwe na milango miwili ya fedha. Njia iwe ile ambayo watu tayari wanaitumia: akaunti ya benki, kadi ya malipo, au pesa ya simu kama ilivyofanyika Kenya. Wasio na akaunti ndio waliolengwa mara nyingi, kwa hiyo kadi ya malipo iwe tayari kabla ya mwezi wa kwanza. Wales iliwaruhusu vijana wachague kulipwa mara moja au mbili kwa mwezi, na kodi ya nyumba iende moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Hayo ni machaguo ya mshiriki, si ya ofisi.

Jaribuni mfumo kwa malipo ya 1 kwa kila akaunti wiki mbili kabla. Kati ya akaunti 200, tegemeeni chache zenye tarakimu iliyokosewa au jina lisilolingana. Kila lalamiko litatuliwe ndani ya siku mbili, kwa sababu malipo yaliyochelewa wiki moja hubadilika kuwa deni la pango.

Kupima bila kujidanganya

Dodoso la kwanza lifanyike kabla mtu hajajua kama ameshinda kura. Baada ya hapo, kila miezi sita. Sajilini hadharani vipimo vikuu viwili au vitatu kabla ya malipo ya kwanza. Mkivuna vipimo arobaini na kuchagua vilivyopendeza, hamjathibitisha kitu. Watafiti walipwe kwa mkataba usioipa halmashauri haki ya kuzuia ripoti.

Sheria nyingine zinaweza kubadilika katikati. Finland ilianzisha masharti mapya kwa wasio na kazi mwezi Januari 2018, jaribio likiwa nusu ya njia, na matokeo ya mwaka wa pili yakawa magumu kutenganishwa na mabadiliko hayo. Wekeni kitabu cha matukio: kila kanuni mpya, kiwanda kilichofungwa, nauli iliyopanda, na tarehe yake.

Matokeo mkiyatoa, toeni na kundi la kulinganisha. Stockton, kwa mwaka wa kwanza, ajira ya kudumu ya siku nzima ilipanda kutoka asilimia 28 hadi 40 kwa wapokeaji. Kwa kundi la kulinganisha ilitoka 32 hadi 37. Anayetaja mstari wa kwanza peke yake anaongeza chumvi bila kusema uongo.

Kufunga, na kufungiwa

Ontario ilizindua jaribio la miaka mitatu mwaka 2017, kwa watu wapatao 4,000. Serikali ikabadilika, Julai 2018 ikatangaza kulifuta, na malipo yakakoma Machi 2019. Watu walikuwa wamejiandikisha vyuoni na kusaini mikataba ya nyumba kwa kuamini miaka mitatu. Baadhi yao walikwenda mahakamani. Kinga ni mbili. Fedha zote za malipo ziwekwe kwenye amana yenye wadhamini kabla ya mwezi wa kwanza, nje ya bajeti ya mwaka. Na kila mshiriki awe na mkataba unaotaja idadi ya malipo, si "kwa muda wa jaribio".

Miezi sita kabla ya mwisho, rudisheni washauri wa mafao. Maombi ya kurejea kwenye fao huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo yajazwe mapema ili fao lianze mwezi unaofuata malipo ya mwisho. Kama fedha inatosha, pangeni kushuka: miezi mitatu ya mwisho ilipwe asilimia 75, 50 na 25, juu ya idadi iliyoahidiwa na si badala yake. Simu ya msaada ibaki wazi miezi mitatu baada ya hapo, na mfuko wa fidia usifungwe hadi barua ya mwisho ya mamlaka ya kodi kuhusu mwaka huo iwe imejibiwa.